"Atawajibika" ni kufanya nini hasa? Jibu kwa katibu wa kikoba Ihumwa

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Ihumwa, tupo 28. Katiba yetu ibara ya 14 inasema: Mweka hazina atawajibika endapo fedha za kikundi zitapotea. Sasa mwezi uliopita tumefungua sanduku tukakuta pungufu 640,000. Mweka hazina anasema yeye ameshawajibika, kwa sababu alisimama kikaoni akajieleza na akaomba radhi. Wanachama wengi wanasema kuwajibika ni kulipa. Mwenyekiti naye anasema kuwajibika ni kuachia ngazi kama wanavyofanya mawaziri. Afisa maendeleo ya jamii ametuambia turekebishe katiba kwanza ndo turudi. Hili neno maana yake hasa ni ipi, na tukiandika upya tutumie kuwajibika, kutimiza au kutekeleza?"

Marahaba dada katibu, na kwa salamu ya Kigogo, mbukwenyi huko Ihumwa. Poleni na hiyo hasara, maana laki sita na arobaini kwa kikundi cha watu 28 sio hela ya kusema basi yaishe.

Nianze na jibu lenyewe ili usisome mpaka chini ukiwa na presha. Wote watatu wana haki, hakuna aliyebuni maana kichwani mwake. Kujieleza kumo, kulipa kumo, kuachia ngazi kumo, zote ni maana za kuwajibika na zinatumika kila siku hapa nchini. Iliyokosea ni hiyo ibara yenu ya 14, imeliweka neno likiwa peke yake halafu haikusema kitu kingine cha maana, na kuwajibika ni neno ambalo haliwezi kukaa peke yake, linataka uliambie kwa nani, kwa lipi na kufanya nini. Mkilinyima hivo vitatu kila mtu anakuja anajazia chake, na kwa kawaida anayedaiwa atajazia kile chepesi na anayedai atajazia kile kizito, ndo hapo mlipo sasa hivi.

Sasa twende taratibu, na mi nikianza na maneno huwa sijui kufupisha, uvumilie.

Wajibu limetoka Kiarabu, mzizi wake ni w-j-b, na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba huo mzizi una maana ya kuanguka, kutua chini kwa uzito. Kwenye Qurani, Sura ya Hajj aya ya 36, pale panapozungumziwa ngamia wa kuchinjwa wakishaanguka ubavu chini, kitenzi kilichotumika ni hikihiki, wajabat. Kwa hiyo wajibu ni lile jambo lililokuangukia, hujalichagua na huwezi kulikwepa. Na Kiswahili chetu kimeipata picha hiyohiyo bila hata kufundishwa, si tunasema baba alipofariki mzigo wote ulimwangukia kijana mkubwa? Ndo wajibu huo.

Hapa niseme kitu kidogo kuhusu mweka hazina wenu. Watu wengi ukiwauliza kuwajibika ni nini wanakwambia ni kutoa majibu, na nimeshamsikia mtu mzima kwenye semina akiandika ubaoni "wa-JIBU-ka" akachora mstari chini ya jibu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Ni kuchanganya tu. Jibu linatoka kwenye jawabu, mzizi j-w-b, na wajibu ni w-j-b, herufi zilezile lakini mpangilio mwingine kabisa, sio ndugu hata wa kambo. Kwa hiyo kama mama anasema kuwajibika ni kujibu kwa sababu neno linasikika hivo, hapo hana hoja. Ila maana ya kujieleza kweli ipo, imeingia kwa mlango mwingine, nafika.

Kwanza lilikuwa neno la dini. Kwenye fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kuna faradhi, kuna suna, kuna makuruhu, kuna haramu, na wajibu upo hapohapo karibu na faradhi, kwa wafuasi wa Imamu Shafii ambao ndo wengi huku kwetu kwa kawaida hivo viwili vinachukuliwa kitu kimoja, Wahanafi ndo wanaovitenganisha. Sasa sikiliza jinsi masheikh wanavyolitumia hata leo: "zaka inawajibika mali ikifika kiwango chake", "hija inawajibika kwa mwenye uwezo". Umeona kinachowajibika hapo? Sio mtu. Ni zaka, ni hija. Jambo ndo linawajibika, mtu anaangukiwa tu.

Huku mtaani kwetu tumeligeuza. Siku hizi anayewajibika ni mtu. Ni kama tofauti ya kuhitajika na kulazimika, hela inahitajika, mtu analazimika, na neno wajibika limehama kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili. Na lilipohamia kwa mtu ndo likaanza kubeba mizigo mingi, maana mtu anaweza kuangukiwa na jambo kwa namna nyingi.

Namna ya kwanza, kuwajibika KU-fanya jambo. Hapa kinafuata kitenzi. "Mkopaji atawajibika kulipa marejesho kila Jumamosi." "Mdhamini atawajibika kulipa deni endapo mkopaji atashindwa." Hii ni maana nzito na safi, mtu ana sharti la kufanya hicho kilichotajwa na asipofanya unaweza kumdai. Mikataba ya mikopo inaipenda sana, na huko mdhamini asidhani ni shahidi wa kupiga picha, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mzigo wake ni sawasawa na wa mkopaji mwenyewe isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vingine. Wangapi hapo kikobani kwenu wamesaini fomu ya udhamini wakijua hilo? Haya, tuendelee.

Namna ya pili, kuwajibika KWA mtu au chombo fulani. Huu ndo mlango wa mweka hazina. Fungua Katiba ya nchi, ibara ya 8 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 53 inasema Waziri Mkuu atawajibika kwa Rais, na mawaziri watawajibika kwa pamoja Bungeni. Hapo haimaanishi Waziri Mkuu atamlipa Rais hela, inamaanisha yeye yuko chini ya fulani, anaripoti kwake, akiulizwa anatoa maelezo, na huyo fulani ana uwezo wa kumfanyia kitu. Kwa hiyo kujieleza ni sehemu halali kabisa ya kuwajibika. Lakini ni sehemu tu. Mtu akijieleza mbele ya kikao kilichokosa uwezo wa kuamua chochote baada ya maelezo, hapo hajawajibika, kapiga stori.

Namna ya tatu, kuwajibika KWA kosa au hasara. "Dereva atawajibika kwa uharibifu wa mzigo." Tatizo ni kwamba hii "kwa" ni ileile ya juu lakini kazi yake nyingine, huko juu ilionyesha mkubwa wako na hapa inaonyesha hasara iliyo juu yako. Ibara yenu ya 14 iko kwenye kundi hili, imetaja hasara halafu ikanyamaza. Haijasema hasara ikiwa juu yake afanye nini nayo.

Na hili la kunyamaza nalijua vizuri kwa sababu limeshaniumbua mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo kuandika makubaliano na jamaa mmoja mwenye kigari cha kubebea kreti. Zabibu zetu za huku unazijua, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na ikishakatwa haisubiri mtu. Nikaandika kwa mbwembwe kabisa, mwalimu mzima, "Msafirishaji atawajibika kwa mzigo tangu unapopakiwa hadi unapopokelewa." Nikajiona nimemaliza. Safari ya pili tu gari likaharibika njiani usiku, jua la kesho yake likawaka, kufika saa nane mchana kreti zinavuja maji na nyuki wamejaa. Wakulima wakataka alipe. Tukakaa chini ya mti na wazee wawili watatu, mi nikasoma kile kipengele changu kwa sauti. Yule kijana wa gari akasimama akasema, "Wazee, mi niliwajibika. Nililala chini ya gari na mzigo, nikafukuza mbuzi wa watu usiku kucha, sikuuza hata kreti moja, ningekuwa sijawajibika ningewaachia hapo nikaenda kulala gesti." Wazee wakatazamana. Mmoja akaniuliza mimi, "Mwalimu, hapa uliandika atalipa?" Nikasema hapana. "Sasa?" Nikakosa cha kusema. Kijana hakulipa hata mia, na wakulima wakanikumbuka mimi kuliko yeye.

Alichofanya yule kijana, bila kwenda shule ya isimu, ni kuchukua maana nyingine ya kuwajibika ambayo nayo ipo na ni nzuri, ile ya kujituma, kufanya kazi yako kama inavyotakiwa. Hiyo ndo ile tunayosema "yule baba anawajibika", yaani anaacha hela ya matumizi, ada anapeleka, mtoto akiumwa yuko. Na vijana hapa mjini wakikaa mezani utasikia "leo nani anawajibika?" wakimaanisha nani analipa bili, kwa hiyo wanachama wako wanaosema kuwajibika ni kulipa wana ushahidi hata baa.

Ukitaka kuona maana zinavyopishana, angalia wakati wa kitenzi. Mi hiki ndo kitu kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye neno hili. "Anawajibika" ni sifa, unamsifia mtu. "Atawajibika" ni onyo, bosi akikuandikia barua yenye neno hilo hutembei kifua mbele. "Awajibike!" ni watu wanataka mtu aondoke. "Amewajibika" mara nyingi ni keshaondoka. Na "wawajibishwe" hapo watu wanataka adhabu, tena haraka. Kitenzi kilekile, umebadilisha viambishi tu, umetoka kwenye pongezi umefika kwenye kufukuzwa kazi.

Hii ya kuondoka ndo ya mwenyekiti wako, na imetokana na siasa zetu. Mfano wanaopenda kuutaja watu wa zamani ni wa hayati mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Sio yeye aliyewatesa, hakuwepo hata, lakini wizara ilikuwa yake. Baadaye 1985 akawa Rais. Mfano wa karibu zaidi umetokea hapahapa Dodoma, Bungeni, Februari 2008, hayati Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu kwenye sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, baada ya kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti. Wengine tuliisikiliza siku ile redioni, kwenye daladala hakuna aliyetaka kushuka kituo chake. Tangu hapo ukimwambia mtu wa Dodoma "waziri kawajibika" hakuulizi kawajibika vipi, anakuuliza nani kachukua nafasi.

Lakini mwambie mwenyekiti kwa upole kwamba hiyo maana asiidai kwa sauti kubwa sana. Kuwajibika kwa mawaziri ni mkubwa kubeba makosa ya walio chini yake. Kwa utaratibu huo, sanduku la kikoba likipungua anayetakiwa kuachia ngazi ni mwenyekiti mwenyewe, sio mweka hazina! Mawaziri hawawajibiki kwa niaba ya wakubwa wao, wanawajibika kwa ajili ya wadogo wao. Na tena, kuachia ngazi hakurudishi hela. Kwa tendo hilo lugha ina neno lake kamili, kujiuzulu, kutoka kuuzulu yaani kumvua mtu cheo, kwa hiyo kujiuzulu ni kujivua mwenyewe. Kama mnataka mtu ajiuzulu andikeni atajiuzulu, au mkutano utamwondoa kwenye uongozi. Msimsitiri mtu kwa neno la heshima halafu mje kugombana.

Kuwajibisha na kuwajibishwa niyapite haraka. Asili yake ni kumfanya mtu awe na wajibu, ila siku hizi maana yake ni kumwadhibu kiongozi au mtumishi, na magazeti yanalitumia sana kwa maana hiyo. Mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali (CAG) mstaafu, Ludovick Utouh, alipoanzisha taasisi yake ya kufuatilia matumizi ya fedha za umma aliipa jina WAJIBU, na mi naona alichagua vizuri, angeiita Kuwajibishana watu wangekimbia.

Sasa umeuliza kutimiza na kutekeleza. Haya si mbadala wa kuwajibika, yanakaa sehemu nyingine ya safari.

Kutimiza ni kufikisha kitu kwenye ukamilifu wake. Mwezi umetimia, mtoto katimiza miaka 18, ahadi imetimia. Kwa hiyo unatimiza kitu kilichokuwa na kipimo tayari, ahadi, wajibu, masharti, nadhiri, idadi. Mwanachama aliyesema atanunua hisa tano akanunua tano, katimiza. Akinunua nne hajatimiza, hata kama amejitahidi mpaka kauza kuku.

Kutekeleza ni kulitoa neno kwenye karatasi likawa kitendo. Agizo, azimio, mradi, sera, hukumu, hivo vinatekelezwa. Hutekelezi ahadi? Unatekeleza, wapo wanaosema na sio kosa, ila sikiliza tofauti: serikali ikisema inatekeleza ahadi ya barabara maana yake kazi imeanza, greda liko saiti na vumbi linaruka. Ikisema imetimiza ahadi maana yake lami imeshakauka. Watu wa huku tunaoishi na vumbi tunaijua hiyo tofauti kwa pua.

Kuna na kukidhi, hukuliuliza ila nikutajie maana afisa maendeleo atalitumia tu, "katiba yenu haijakidhi vigezo". Hilo linatoka mzizi mmoja na kadhi, na mmoja na kadha, ile mtu anayolipa akiwa na siku za Ramadhani alizokula. Kukidhi ni kutosheleza kinachodaiwa, haja, vigezo, mahitaji. Halitumiki kwa mtu, usiandike mwanachama akidhi, andika mwanachama akidhi sifa hizi na hizi.

Ukiyapanga utaona kutimiza na kutekeleza yanakuja kabla ya matatizo, ni maneno ya kazi yenyewe. Kuwajibika kwa ile maana mnayoigombania kunakuja mambo yakishaharibika. Mweka hazina kila Jumamosi anatimiza wajibu wake, anahesabu, anaandika leja, anafunga. Siku hela haipo ndo tunauliza anawajibika vipi. Kwa hiyo katiba nzuri ina vyote viwili, sehemu inayotaja kazi zake moja moja kwa vitenzi vya kawaida (atapokea, atahesabu, ataandika, atafunga, atasoma hesabu mbele ya kikao) na sehemu inayosema ikipotea itakuwaje. Yenu naona imeruka ya kwanza ikaenda moja kwa moja kwenye kitisho, na mtu hawezi kuwajibika kwa kazi ambayo hamjamwandikia.

Hapo kwenye kazi tumieni majukumu badala ya wajibu. Wajibu halina wingi mzuri, nimeona watu wanaandika "wajibu zake", "mawajibu", inachosha macho, ni wajibu wake tu hata ukiwa wa aina kumi. Jukumu lina majukumu. Na hili jukumu lina historia inayowafaa kabisa, wataalamu wanalihusisha na jokham la huko India, hatari ya mali kwenye biashara, mzigo ukipotea hasara ya nani. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanajua wazi jukumu la shehena ni la nani kabla jahazi halijang'oa nanga. Nanyi mlitakiwa mjue kabla kufuli halijafungwa.

Na mkitaka neno la uongozi, dhamana. Wazee wa TANU walikuwa na ahadi yao, cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mwingine kilicho mkononi mwako. Mweka hazina sanduku sio lake, lipo kwake kwa dhamana ya watu 28.

Haya, tuandike. Ibara ya 14 mi ningeiandika hivi, na mnaweza kubadilisha muda na viwango kadri mtakavyokubaliana:

"Fedha za kikundi zikipungua au kupotea zikiwa ndani ya sanduku, mweka hazina na wenye funguo watatoa maelezo mbele ya mkutano wa wanachama ndani ya siku saba. Mkutano ukiridhika kwamba upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wa mmoja wao au zaidi, aliyehusika atawajibika kulipa kiasi chote kilichopungua ndani ya siku 60. Wakihusika zaidi ya mmoja watawajibika kulipa kwa pamoja na kila mmoja kwa nafsi yake. Mkutano unaweza pia kumwondoa aliyehusika kwenye uongozi, na kuondolewa hakufuti deni."

Umeona neno kuwajibika bado limo, mara mbili, ila kila mara limefuatwa na kulipa. Maelezo yamewekwa kivyake, kuondoka kivyake. Mweka hazina, wanachama na mwenyekiti kila mmoja kapata maana yake na hakuna anayekula ya mwenzake. Hiyo "kwa pamoja na kila mmoja kwa nafsi yake" msiikate hata kama inaonekana ndefu, ndo inayozuia mtu kusema mi nalipa theluthi yangu tu, hao wengine mtajuana nao. Na neno uzembe liacheni, kwa sababu sanduku likivunjwa na majambazi usiku sio haki mama wa watu auze mbuzi zake.

Viwili vya mwisho. Cha kwanza, hiyo ibara mpya haitarudi nyuma. Ni ya hasara zijazo. Ile 640,000 ilipotea chini ya ibara ya zamani, kwa hiyo msiende kwa afisa mkasema katiba mpya inamtaka mama alipe. Ile itaisha kwa makubaliano, mkae, mkikubaliana kurudisha iandikwe kwenye muhtasari "amekubali kurejesha kiasi hiki, kwa awamu hizi, hadi tarehe hii", asaini, wasaini na mashahidi. Amekubali kurejesha, sio amewajibika. Vikundi kama vyenu viko daraja la nne kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mnasajiliwa, kwa hiyo huo muhtasari ni karatasi ya maana, utunzeni, na kama mnawaza kuomba ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ndo kabisa.

Cha pili ni swali langu kwako. Nimeona umeandika tu "tumefungua sanduku". Vikoba ninavyovijua mimi sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, tena mweka hazina anayekaa na sanduku nyumbani kwake haruhusiwi kuwa na hata moja. Kama na lenu ni hivo, sasa mbona ibara ya 14 inamtaja yeye peke yake, na mbona wenye funguo wote watatu kwenye hii stori yako hawajasema neno? Kabla hamjamwambia mama arudishe chochote waulizeni kufuli zilikutwa zikoje siku ile, na funguo ya tatu ilikuwa kwa nani.